Mashine Isiyopoteza Kitu

Ukifika Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ukauliza mahali pa kupigisha barua, kutoa fotokopi au kutengeneza programu ya mazishi, watu hawatakutajia jina la barabara. Watakwambia, "Wende kwa Mama Lydie, ule wa mashini ya kukataa kufa." Ni kibanda cha matofali chenye dirisha moja, na juu ya mlango yameandikwa kwa rangi ya buluu maneno Secrétariat Public. Ndani mna meza mbili, printa, fotokopi kuukuu inayonguruma, na kompyuta ya kijivu ambayo mwenyewe hakubali mtu mwingine aiguse. Si uchoyo. Mama Lydie ni mkarimu hata wateja wanamtumia vibaya. Lakini kompyuta hiyo haiguswi na mtu, na sababu yake nitaieleza, ingawa si habari ya kumfurahisha anayeisikia.

Lydie alizaliwa Pweto, mtoto wa kwanza wa Mama Mwenya, muuza samaki wa kukausha. Masista walimfundisha kupiga taipu bila kutazama vidole. Akaolewa Lubumbashi na fundi wa mgodi, na bwana huyo akaenda Kolwezi kutafuta maisha, akayapata huko huko, pamoja na mke mwingine. Lydie hakumfuata. Alifungua kibanda. Mtoto hakujaliwa, lakini alipoletewa mdogo wake wa mwisho, Guelor, aje kusoma mjini, alimpokea na begi lake moja na meno yake ya mbele yaliyopishana, akamlea. Nusu ya Katuba ilidhani ni mama yake mzazi, naye hakuhangaika kuwasahihisha.

Guelor alipenda kompyuta kuliko chakula. Alisoma informatique, elimu ya kompyuta, akaanza kutengeneza mashine za watu kule Kamalondo pamoja na rafiki yake Djo, na kila jioni alirudi na jambo jipya la kumchosha dada yake. Siku moja alirudi na mfumo wa kompyuta uitwao Guix.

Wakati huo kompyuta ya kibanda ilikuwa haipiti mwezi bila kuanguka. Umeme wa Katuba unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Ukikatika mashine inapojisasisha, basi kesho yake unakuta skrini nyeusi na wateja wamejipanga mlangoni. Wateja nao walileta flashi zilizojaa virusi vya nchi nzima. Guelor alifuta kila kitu, akaweka mfumo huo mpya. Ulikuwa Linux, lakini Linux yenye desturi zake. Kwenye mashine nyingine, alimweleza dada yake, unaongeza programu hii leo na ile kesho, mpaka hakuna anayekumbuka nini kiliwekwa lini. Kwenye Guix unaandika ndani ya faili moja jinsi unavyotaka mashine nzima iwe: kibodi ya Kifaransa, printa, programu ya kuandikia. Kisha unaamuru. Nayo inajijenga upya pembeni, bila kugusa ile ya zamani, na ikimaliza ndipo inahamia. Umeme ukikatika katikati, ya zamani iko palepale inakungoja. Na kila ujenzi unabaki kwenye orodha inayotokea mashine inapowaka, na tarehe yake. Guelor aliita kila mmoja génération, yaani kizazi. Ukiharibu kizazi cha leo, unachagua cha juzi, unaendelea na kazi.

"Yaya," alimwambia, kama wanavyomwita dada mkubwa, "hapa hakuna kintu inapotea. Siku yote unaweza kurudia nyuma."

"Hata nikikosea?"

"Hata ukikosea. Mashini hii iko na roho muzuri kupita bantu."

Lydie alicheka sana. Alilishika neno hilo kama alivyoshika sala za masista, na ningependa kusema lilimsaidia.

Kisha Guelor akaugua figo. Mambo ya hospitali siyaelezi. Aliyewahi kulaza ndugu anayajua, na asiyejua namwombea asijue. Simu yake iliuzwa mapema kwa ajili ya dawa. Mama Mwenya alikuwa Pweto na miguu iliyovimba, na masika yale barabara ilikuwa imekatika. Simu yake ya vitufe haikufaa kitu kwa sababu masikio yake yalikuwa yamechoka. Mwanawe aliongea, yeye alisikia mvumo tu, akawa anaitikia "eee, eee" ovyo.

Ndipo Guelor akapata wazo. Alasiri, wateja wanapopungua, alijikokota mpaka kibandani, akafunga mlango, akaweka mikrofoni mezani, akaongea. Lydie alikaa nje kwenye kigoda akimsikia kupitia matofali. Maneno hakuyapata. Alisikia sauti ikipanda na kushuka, mara kikohozi, mara kicheko kile cha mtu anayekumbuka utundu wake mwenyewe. Aliongea alasiri nyingi. Vyote aliviweka ndani ya folda moja aliyoiandika jina MAYO, kama walivyozoea kumwita mama yao tangu utotoni.

"Usiifungule, yaya," alisema. "Siku mayo atakuya, mutasikiliza pamoja. Niko na mambo ya kumwambia, na yako mengine ya kukusema weye."

"Mabaya?"

"Utasikia siku ile."

Alifariki masika yakikaribia kwisha. Mama yake hakuwahi maziko. Kwenye simu alilia, na alipomaliza kulia aliuliza jambo moja, akipaza sauti jinsi wapazavyo wasiosikia vizuri:

"Sauti yake iko?"

"Iko, mayo! Iko kwa mashini!"

"Uichunge. Nitakuya siku ya kutosha kilio."

Kwao, vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku hiyo ya kutosha kilio, yaani kuondoa msiba, familia inapoondoa kitambaa cheusi, kusali, kula pamoja na kugawana alichoacha. Shati la Guelor lilibaki msumarini. Viatu vyake vilibaki chini ya kitanda vikishika vumbi. Folda nayo ilikuwa kitu cha marehemu. Mara nyingine Lydie aliifungua kidogo, akatazama majina ya sauti zilizojipanga humo, akaifunga. Hakubonyeza hata moja. Alitamani, tena sana, lakini alikuwa ametoa ahadi mbili, moja kwa aliyekufa na moja kwa aliye hai, na mtu wa aina yake ahadi anaibeba hata inapomkata mabega.

Sasa kibanda kilimbakia peke yake, na mashine iliyojua bwana mmoja tu. Djo angeweza kumsaidia, lakini tangu maziko Djo alikuwa haingii pale bila kugeuza uso ukutani. Lydie akaona haya kumwita. Akaamua kujifunza.

Mabano! Lile faili limejaa mabano. Yanafunguka ndani ya mengine, na ukisahau kufunga moja huko mwisho, mashine inakataa yote na kukugombeza kwa Kifaransa kigumu. Lydie, aliyekuwa amepiga taipu hukumu za mahakama bila kosa, alikaa mbele ya faili hilo akigusa mabano kwa ncha ya kalamu, moja moja, huku akinung'unika kwamba mdogo wake angeweza kupenda mpira kama vijana wenzake. Alisoma mwongozo kidogo kidogo, chai ikipoa. Jambo alilolielewa asubuhi lilimtoka jioni. Siku alipofaulu kuongeza programu ya kwanza kwa mkono wake, umeme ulikatika katikati ya kazi, akapiga kelele mpaka muuza vocha wa jirani akaja mbio. Uliporudi, mashine iliwaka kama vile hakuna kilichotokea. Lydie alikaa kitini akalia, kwa sababu Guelor alikuwa amesema kweli.

Mara nyingine aliharibu mwenyewe. Alifuta mstari asioujua kazi yake na printa ikatoweka kabisa. Aliwasha upya, akachagua kizazi cha nyuma kwenye orodha, na printa ikarudi na kelele zake. Siku nyingine ilikuwa kibodi, ikarudi nayo. Basi imani yake ikakua, na siwezi kumlaumu. Kila alichokipoteza kilirudi. Ila vyote alivyowahi kupoteza vilikuwa viungo vya mashine yenyewe, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha tofauti.

Siku ya kutosha kilio ikakaribia. Mama Mwenya alipeleka habari kwamba amepata nafasi kwenye lori la samaki. Lydie akafikiria masikio yake. Vispika vidogo vya kompyuta mzee asingevisikia. Alikwenda kwa jirani akaazima baffle kubwa, ile isiyo na waya wanayopigia muziki kwenye sherehe, akaiweka juu ya meza kwa fahari. Kompyuta haikuitambua. Alitafuta kwenye mwongozo, akaona kwamba kuna kipande cha kuongeza katika lile faili, akakiongeza, akahesabu mabano yake, akaamuru. Mashine ikavuta vitu vingi kutoka mtandaoni, ikavuta tena, kisha ikasimama na sentensi moja: Aucun espace disponible sur le périphérique. Diski imejaa.

Alitazama ni nini kinachokula nafasi. Aliona kazi za wateja: mitihani ya shule, mikataba ya viwanja, picha za harusi zinazongoja kuchukuliwa. Hizo ni amana, akasema moyoni, mali ya watu haichezewi. Halafu aliona folda ya MAYO. Guelor alirekodi kwa ubora wa juu kabisa, na sauti zake zilikuwa nzito kuliko vyote.

Hapa ndipo ninapotaka kuinuka kitini kila ninaposimulia. Kwenye kabati, karibu na kiwiko chake, kulikuwa na flashi tupu za kuuza. Lydie aliziona. Lakini kwa nini ahangaike kunakili, na mashine haipotezi kitu? Hesabu yake ilikuwa nyoofu kabisa: afute folda, ajenge kizazi kipya chenye baffle, kisha kwenye orodha achague tarehe ya wakati Guelor yu hai. Folda itakuwapo, kama ilivyokuwapo printa. Vya wateja asingethubutu kuvijaribisha hivyo. Vya kwake, vya ndugu yake, alivikabidhi mikononi mwa ndugu yake.

Akafuta. Nafasi haikuongezeka, akakumbuka kumwaga na kapu la takataka. Ikaongezeka. Akaamuru tena, na safari hii mashine ilifika mwisho bila kugomba. Baffle ikatoa mlio wa kutambuliwa. Lydie akapiga wimbo mmoja wa kanisa ili kujaribu, na sauti ilijaa kibanda mpaka barabarani. Mayo atasikia, akasema, akipiga makofi. Atasikia kila neno!

Aliwasha upya. Alishuka kwenye orodha mpaka tarehe aliyoijua, ya alasiri moja Guelor alipokuwa ndani na yeye kigodani, akaichagua. Mashine ikatii. Ilirudi nyuma kweli: baffle ilinyamaza, kwa kuwa kizazi hicho hakikuwahi kuijua. Programu zilikuwa zile za zamani. Folda haikuwepo. Akachagua kizazi cha nyuma zaidi, na cha nyuma yake, akarudi mpaka cha kwanza ambacho Guelor alikijenga akiwa mzima na kiburi chake chote. Kazi za wateja zilikuwa zimekaa mahali pake katika kila kizazi, hata za juzi. Hilo ndilo lililomfungua macho. Mashine ilikuwa inajirudisha yenyewe tu. Barua, picha na sauti za watu haikuzihesabu kuwa sehemu yake. Haikuwa imezishika hata siku moja.

Djo alikuja mara tu alipopigiwa. Alihangaika na mashine alasiri nzima, akijaribu programu za kufufua vilivyofutwa, uso umekaza. Mwishowe aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Yaya Lydie, vitu vipya viliandikwa palepale juu ya ile sauti."

"Guelor alisema hakuna kintu inapotea."

"Alikuwa anasemea système, yaya. Haikukuwa documents." Djo aliinamisha kichwa. "Na ile nafasi... zile génération za zamani njo zilikuwa zinajaza. Ilikuwa ya kufuta zile. Commande moja tu."

Hakutaka kumuumiza, aliyasema kwa kuwa mafundi hawajui kunyamaza mbele ya kosa. Lydie aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amehifadhi vizazi vyote vya mashine, akafuta sauti ya mdogo wake ili kuvipa nafasi. Djo alipoondoka, alifunga mlango, akaweka paji la uso juu ya meza, mahali palipokuwa mikrofoni, akalia kwa namna ambayo hakulia hata siku ya maziko. Siku ile alikuwa bado na kitu cha kungojea.

Mama Mwenya alifika na samaki wake kwenye kikapu, miguu imevimba, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amepungua. Alikataa kukaa na wakubwa wa familia waliokuwa wanapanga sherehe, alikataa hata chai.

"Unipeleke kwanza kwa sauti," alisema. "Mbele bantu bajae."

Walitembea polepole mpaka kibandani, mzee akimshika mwanawe mkono. Lydie alikuwa amejifundisha uongo njiani: kwamba mashine imeharibika, kwamba fundi amechukua kitu fulani ndani yake, kwamba mwezi ujao. Alimkalisha mama yake kwenye kiti cha Guelor. Mzee alilegeza kitambaa kidogo upande mmoja, sikio lake zuri liwe wazi, akatulia, akatazama baffle. Lydie alipoona sikio lile limetegwa, uongo wote ulimtoka.

Alipiga magoti. Alisema yote, kwa sauti kubwa kwa kuwa mzee hasikii vizuri, na ni vigumu kukiri jambo kama hilo kwa kupaza sauti. Alisema aliifuta kwa mkono wake. Alisema alidhani itarudi.

"Yote?"

"Yote, mayo."

"Na weye, ulisikia hata kidogo? Alisema nini?"

"Sikusikia. Alinikataza. Nilikuwa nakungojea."

Machozi yalimshuka Mama Mwenya, naye hakuyafuta. Nje, mteja aligonga, akaona dirishani, akaondoka taratibu. Lydie alibaki magotini akingoja kugombezwa, angeshukuru kugombezwa.

"Alikuwa anaongea akikaa wapi?" mzee aliuliza mwishowe.

"Pale ulikaa."

"Na kile kintu cha kuongelea, kiko?"

Lydie alichukua mikrofoni kabatini, akaiweka mezani. Mama yake aliigeuza geuza kama anavyokagua samaki.

"Miye nilikuya na jibu," alisema. "Kutoka Pweto nalipanga kwa kichwa. Washa."

"Mayo, lakini hatujui alisema..."

"Washa, Lidi."

Lydie akawasha. Mzee alisogea mbele mpaka midomo ikakaribia kugusa kile chuma, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakupaza sauti. Aliongea kama mtu anayeamsha mtoto.

"Guelor. Ni miye mama yako. Barabara ilinikatalia, utanisamehe. Nilifika sasa. Ile yote uliniambia, nilisikia. Yote, mutoto wangu, hakuna hata moja ilinipita. Yaya yako aliichunga muzuri. Tulisikiliza pamoja vile ulitaka. Ulale sasa."

Akajiegemeza. Lydie alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na kilio chake kilikuwa kimeingia ndani ya ile sauti, mwishoni, baada ya neno la kulala. Aliinuka akaihifadhi. Aliipa jina, akatazama mara mbili kama kweli ipo.

Mama yake alifunga tena kitambaa chake cheusi, kile ambacho baada ya sala wangemwondolea.

"Hii haitapotea?" aliuliza.

"Inaweza kupotea, mayo," Lydie alijibu. "Njo maana tutaiweka na pengine."

Akaenda kabatini kuchukua flashi.